Paneli ya wati 300 inayotoa wati 120

Lalamiko linalowafikia mafundi wa sola wa Kampene, mkoani Maniema, mara kwa mara ni hili: paneli mpya, betri mpya, na ikifika saa mbili usiku taa zimeshazimika. Mwenye nyumba analaumu mawingu, muuzaji analaumu matumizi, fundi analaumu muuzaji. Kabla ya kumlaumu mtu, panda juu ya bati, geuza paneli, usome kibandiko chake.

Paneli kubwa zinazouzwa siku hizi Kindu na Bukavu, zile za seli 60, zilibuniwa kwa majengo yaliyounganishwa na gridi. Hazikukusudiwa betri moja ya volti 12. Kibandiko kitakuambia kitu kama hiki: wati 300, Vmp 32, Imp 9.4, Voc 39. Vmp ni volti ya paneli inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, Imp ni ampea zake wakati huo huo, na Voc ni volti yake ikiwa haijaunganishwa na kitu. Sasa ifunge kwenye regulata (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) ya bei rahisi, ya aina ya PWM. Regulata hiyo haibadilishi volti. Ni swichi inayofunga na kufungua kwa kasi, na ikifunga, paneli inavutwa chini hadi volti ya betri, tuseme 13. Ampea zinabaki zile zile 9.4. Zidisha: 13 mara 9.4 ni wati 122. Zile 178 nyingine, ambazo mteja amezilipia na kuzisafirisha kwa pikipiki kwenye barabara ya matope, zinaishia juu ya bati kama joto.

PWM yenyewe si kitu kibaya. Ukiipa paneli ya seli 36, yenye Vmp ya 18 hivi, inafanya kazi yake vizuri, na ikiharibika haimfilisi mtu. Kwa nyumba ya taa nne, redio na simu, mimi ningechagua hiyo bila kusita: paneli ya wati 100 ya seli 36 na PWM ya kawaida. Lakini mteja akishanunua paneli kubwa, mtafutie regulata ya MPPT, ambayo inashusha volti na kupandisha ampea badala ya kuzitupa.

Hapa kuna mtego. Sokoni zipo regulata nyingi zilizoandikwa MPPT kwa herufi kubwa, na ndani ni PWM tupu. Ishara ya kwanza ni uzito, kwa sababu MPPT ya kweli ina koili ya shaba ndani, na ukiishika mkononi unaisikia. Ushahidi kamili unaupata kwa mita ya kubana inayopima umeme wa DC. Saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, pima ampea kwenye waya unaotoka kwenye paneli, kisha kwenye waya unaoingia kwenye betri. Ikiwa paneli inatoa 9 na betri inapokea karibu 20, una MPPT. Ikiwa namba mbili zinalingana, mteja amenunua maandishi.

MPPT inakupa pia uhuru wa kufunga paneli mbili kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Volti zinajumlishwa, ampea hazipandi. Ila soma kikomo cha regulata kwanza: ikiandikwa volti 100, paneli mbili zenye Voc ya 39 zinafika 78 na unabaki salama, lakini ya tatu inakupeleka 117, na regulata inakufa siku hiyo hiyo. Acha nafasi ya ziada, maana asubuhi ya baridi baada ya mvua Voc inapanda juu ya ile ya kibandiko.

Tuje kwenye waya, mahali ambapo pesa nyingi zinapotea bila mtu kuziona. Kwenye mfumo wa volti 12, kila volti ni zaidi ya asilimia 8 ya mali yako. Chukua ampea 10 zinazokwenda mita 10 kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Utapoteza volti 1.4, yaani kwenye 12 zinabaki 10.6, na konvertisa nyingi, zile zinazogeuza umeme wa DC wa betri kuwa AC, zitaanza kupiga kelele. Kwa waya wa 1.5, ule ambao watu wanautumia kwa taa za umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapoteza 2.3. Kwa waya wa 6 unapoteza 0.6 tu. Ukihamia mfumo wa volti 24, mzigo ule ule unatumia ampea 5, na hata ule waya wa 2.5 unapoteza volti 0.7 kati ya 24. Ndiyo maana mzigo ukishapita vitaa na simu, napendelea 24.

Hesabu hizo ni za shaba. Waya mwingi wa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini, na upotevu wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kuna pia ule ulioandikwa 4 na ndani una nyuzi za 2.5. Usinunue kwa kusoma ganda. Menya, uangalie nyuzi, ulinganishe na kipande unachokiamini.

Regulata iwekwe wapi? Karibu na betri, hatua moja au mbili, kwa waya mnene. Mafundi wengi wanaiweka karibu na paneli kwa sababu waya wa paneli ni mfupi, halafu wanavuta waya mrefu hadi kwenye betri. Matokeo yake regulata inapima volti kwenye mdomo wake yenyewe, inaona 14.4, inadhani betri imekaribia kujaa na inapunguza chaji, kumbe kwenye betri ni 13.7. Betri ya risasi na asidi isiyojaa wiki baada ya wiki inajenga salfeti ngumu kwenye sahani zake, na hapo ndipo mtu anaposema betri za siku hizi ni mbovu. Kama lazima pawe na umbali, uwe kati ya paneli na regulata.

Utaratibu wa kuunganisha haubadiliki: betri kwanza, ili regulata itambue kama ni mfumo wa 12 au 24, kisha paneli, kisha matumizi. Kufungua ni kinyume chake. Konvertisa nayo haifungwi kwenye matundu ya taa ya regulata. Konvertisa ya wati 1000 kwenye volti 12 inaweza kuvuta karibu ampea 100, kwa hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa 25 au 35, mfupi kadiri inavyowezekana.

Fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, shubiri moja kutoka kwenye betri, na ukubwa wake unafuata waya, kwa sababu kazi yake ni kuzuia waya usiwake moto. Wala usitumie sakiti breka ya AC upande wa DC. Umeme wa AC wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inapata nafasi ya kuzimika. Wa DC haupiti kwenye sifuri hata mara moja. Breka ya AC ikikata volti 78 za paneli chini ya jua kali, cheche inaweza kuendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke. Breka ya DC inauzwa, na nyingi zina alama za chanya na hasi ambazo lazima zifuatwe.

Radi tusiipite haraka. Utafiti wa data za setilaiti ya NASA uliotolewa mwaka 2016 uliitaja Kabare, hapa Kongo, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mawingu ya mashariki mwa Kongo hayaishii mpakani mwa Maniema. Radi ikipiga nyumba yenyewe, hakuna fundi atakayeokoa vifaa. Lakini nyingi zinapiga pembeni, na mshindo wake unaingia kupitia waya. Basi pitisha chanya na hasi pamoja, zikiwa zimesokotwa. Zikiachana, moja kushoto mwa paa na nyingine kulia, zinafanya kitanzi kikubwa kinachonasa mshindo huo. Fremu ya paneli ipewe waya wa shaba hadi kwenye nondo iliyopigiliwa kwenye udongo wenye unyevu.

Mwinamo wa paneli hauna siri. Kampene iko digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo digrii 10 hadi 15 zinatosha, si kwa ajili ya jua bali ili mvua isafishe vumbi. Kivuli cha mwembe saa nne asubuhi kinadhuru kuliko mwinamo wowote.

Kwenye vituo vya afya kuna friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja, bila betri. Nyingi ziliingia DRC kupitia mpango wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo. Usichomoe waya hapo kuchaji simu ya muuguzi, hata akikuomba kwa heshima zote. Mfungie paneli yake ndogo.

Na akija mama anayetaka kuuza vinywaji baridi, kaa naye chini mpige hesabu. Friza inayovuta wati 100 na kufanya kazi nusu ya siku inakula wati-saa 1,200. Kwa saa 4 za jua kamili, ukiondoa asilimia 30 ya upotevu, unahitaji paneli za wati 430 hivi. Usiku unakula 600, na betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo volti 24 na ampea-saa 50 ni kiwango cha chini kabisa, bila siku hata moja ya mvua. Ukitaka siku moja ya mvua ipite, mara mbili au tatu. Ongeza konvertisa inayoweza kubeba mshtuko wa kompresa inapoanza, mara tano au zaidi ya wati zake za kawaida. Namba hizo azione kabla hajatuma pesa Kindu kununua friza, maana ikishafika hatakubali kuirudisha, nawe utalazimika kuifunga kwenye mfumo wa taa.