«Petit Pays»: kilio cha mama katika kinywa cha mtoto

Katika riwaya «Petit Pays» ya Gaël Faye, iliyotoka Ufaransa mwaka wa 2016, anayesimulia vita si askari wala mwanasiasa. Ni Gabriel, kijana wa miaka kama kumi anayeishi Bujumbura. Baba yake ni Mfaransa; mama yake, Yvonne, ni mkimbizi kutoka Rwanda.

Mwanzoni Gabriel anaongelea marafiki wa mtaani, maembe ya kuiba na safari ya Bukavu. Halafu, mwaka wa 1994, Yvonne anaenda Rwanda kutafuta jamaa yake na kukuta watoto wa Eusébie wameuawa nyumbani kwao.

Mauaji hayo hatuyaoni. Tunabaki Bujumbura pamoja na Gabriel, tukimsikiliza mama akisimulia. Gabriel hafafanui kitu. Anaona tu kwamba mama anakunywa pombe, na usiku anamwamsha Ana, binti yake mdogo, kumrudilia yale aliyoyakuta. Yvonne hakufa, lakini watoto wake wamempoteza. Kwa msiba wa namna hiyo hakuna matanga wala kaburi.

Sauti ya Gabriel aliyekuwa mtu mzima ndiyo inafungua kitabu na kukifunga. Miaka mingi imepita, kilio hakijaisha.

Kwetu Kivu, ambako watoto wengi wamekua wakisikia habari za wafu, kitabu hiki kinaacha swali zito: mtoto aliyesikia yote hayo, yeye atasikilizwa na nani?