Du Bois alibisha hodi kabla ya kuandika

Wanafunzi wetu wa sosholojia huwataja Marx, Weber na Durkheim bila kukwama. Ukiwauliza habari za W.E.B. Du Bois, aghalabu watakujibu kwamba alikuwa mtetezi wa haki za watu weusi. Jibu hilo si la uongo, ila nionavyo mimi linamnyang'anya mtu huyu nusu ya kazi yake.

Alizaliwa Massachusetts mwaka wa 1868, na mwaka wa 1895 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri kuchunguza maisha ya watu weusi katika Kata ya Saba, Philadelphia. Alipewa cheo cha msaidizi wa mkufunzi, asiye na darasa wala wanafunzi!

Hakujifungia maktabani. Alihamia katani humo pamoja na mkewe, akabisha hodi mlango baada ya mlango, karatasi za maswali mkononi: nani anaishi hapa, anafanya kazi gani, analipa kodi kiasi gani? Wenyeji wengine walimpokea kwa shaka, na nani angewalaumu? Kitabu chake, *The Philadelphia Negro*, kilitoka mwaka wa 1899. Kilidhihirisha kwamba watu wenye ujuzi walinyimwa kazi kwa ajili ya rangi yao. Uhalifu uliolalamikiwa mjini ulikuwa na historia yake; haukuwa katika damu ya mtu.

Aprili mwaka huohuo, akiwa mwalimu Atlanta, kundi la wazungu lilimchoma moto Sam Hose, kibarua mweusi wa shambani. Du Bois alikuwa njiani kupeleka barua ya hoja tulivu gazetini, alipoambiwa kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vilikuwa vimeanikwa dukani. Akarudi nyumbani. Tangu hapo hakuamini tena kwamba takwimu pekee zingewashawishi watu wa namna hiyo. Mwaka wa 1910 aliacha ualimu akaenda kuhariri jarida la *The Crisis*.

Wapo wanaosema hapo ndipo alipoiasi taaluma. Siafiki. Ni taaluma iliyomwonyesha mipaka yake.

Alifariki mjini Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na umri wa miaka 95. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimtunuku uprofesa wa heshima mwaka wa 2012.