Mgongo wa mama sokoni: gharama isiyoandikwa daftarini

Na Mwandishi Wetu

KILA wiki ukurasa huu huwapa wasomaji bei za gunia, debe na kilo, ili mfanyabiashara ajue anaingia sokoni na nini na anatoka na nini. Safari hii tunaangalia gharama moja ambayo haimo katika orodha yoyote ya bei, lakini imekwisha kuwatoa kina mama wengi katika biashara zao. Nayo ni maumivu ya mgongo na nyonga, pamoja na yale matatizo ya baada ya uzazi ambayo mwanamke huona haya kuyataja hata mbele ya daktari.

Mfanyabiashara ambaye gari lake limeharibika hulipeleka gereji, kwa sababu anajua kwamba kila siku linapolala ni hasara. Mgongo wake ukiharibika hununua vidonge viwili, akavimeza na chai, akaendelea na kazi. Kesho yake hununua vingine viwili. Mwisho wa mwaka hakuna anayejua vidonge hivyo vimekula kiasi gani cha mtaji, na mgongo wenyewe bado unauma.

Jambo ambalo wengi hawajaelezwa ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya hutibika, au hupungua sana, kwa fiziotherapia, yaani tiba inayotumia mazoezi ya viungo, mikono ya mtaalamu na mafunzo ya namna ya kuutumia mwili.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na inakadiriwa kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Maumivu hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kuendelea na shughuli zao, na yanawapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Anayezijua Kariakoo na Mabibo jijini Dar es Salaam, Kirumba kule Mwanza au Soweto ya Mbeya hatashangaa. Mama ntilie huinama juu ya jiko tangu alfajiri. Muuza nyanya hukaa kwenye kigoda kifupi tangu asubuhi hadi jioni, huku akigeuka huku na huku kupanga mafungu. Mwenye ndizi hujitwisha beseni kichwani na mtoto akiwa mgongoni. Akirudi nyumbani kuna ndoo za maji zinamsubiri, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kamili.

Kuna tatizo la pili ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni mkojo kuvuja. Mama anakohoa, anacheka au ananyanyua kreti, mara anajisikia amelowa. Wengine huhisi uzito sehemu za siri, kana kwamba kuna kitu kinataka kutoka, jambo ambalo laweza kuwa dalili ya kizazi kushuka. Wengine hupata maumivu makali wakati wa tendo la ndoa.

Chanzo kikubwa ni misuli ya sakafu ya nyonga. Hii ni misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama kitanda cha kamba, ikishikilia kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Mimba huilemea, na kuzaa kwa njia ya kawaida huivuta na wakati mwingine huichana. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, unene na mizigo mizito huongeza ulegevu. Umri nao husaidia kuilegeza, lakini si kweli kwamba ni uzee tu, kwani wapo kina mama wa miaka 25 wenye tatizo hili.

Kwa kuona haya, mama wa sokoni hujitafutia dawa yake mwenyewe: haachi biashara, bali anaacha kunywa maji. Vyoo vya soko ni vya kulipia, viko mbali, na hana wa kumwachia meza. Matokeo yake ni kwamba mkojo unakuwa mkali na kukiudhi kibofu, na choo kinakuwa kigumu. Anapojikamua chooni, ile misuli iliyolegea inazidi kusukumwa chini. Hatimaye anaanza kuchagua siku za kwenda sokoni, kisha anamwachia binti meza, na mwishowe meza inakwenda kwa mtu mwingine. Wenzake husema tu kwamba mama fulani siku hizi haonekani.

Si kuchuliwa tu

Watu wengi wakisikia neno fiziotherapia hufikiria kuchuliwa mafuta, au tiba ya waliopooza na waliovunjika miguu. Kuchua kumo, lakini ni sehemu ndogo. Mtaalamu huanza kwa kuuliza: maumivu yalianza lini, unakaaje, unabeba nini, umezaa mara ngapi na ulijifungua vipi. Kisha huangalia unavyoinama, unavyosimama na misuli ipi ni dhaifu. Baada ya hapo hukupangia mazoezi ya kufanya nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Mwezi Desemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya mgongo. Miongoni mwa tiba zinazopendekezwa ni mazoezi yaliyopangwa, elimu kwa mgonjwa na baadhi ya tiba za mikono. Mwongozo huo haupendekezi mikanda ya kufunga kiunoni kama tiba ya kawaida. Msomaji anayetaka kununua mkanda wa namna hiyo dukani afikiri mara mbili kabla ya kufungua pochi. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaruhusiwa, ila si za kumezwa kila siku kwa miezi bila daktari, kwani zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Kuhusu mkojo kuvuja, tiba ya mazoezi ina historia ndefu. Mwaka 1948 daktari wa magonjwa ya wanawake nchini Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga, na hadi leo mazoezi hayo huitwa kwa jina lake. Mwaka 2018 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya matokeo ya majaribio 31 yaliyohusu wanawake 1,817 katika nchi 14. Kati ya wanawake ambao mkojo huwavuja wanapokohoa au kunyanyua kitu, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wale ambao hawakufanya, waliosema hivyo walikuwa asilimia 6 tu.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine wala nguo maalumu. Mama hukaza misuli kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, anashikilia kwa sekunde chache, kisha analegeza kabisa. Kipimo kinachotumika sana ni kukaza mara 8 au zaidi kwa mkupuo mmoja, mikupuo 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa mezani anasubiri mteja, wala hakuna atakayejua. Mtaalamu humfundisha pia kukaza misuli hiyo kabla tu ya kukohoa au kunyanyua mzigo.

Hata hivyo, kina mama wasijifundishe kwa kusikia tu. Wengi wakielezwa kwa maneno hukaza matako au tumbo, au husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hivyo huongeza tatizo. Aidha, mwenye maumivu ya nyonga au ya tendo la ndoa huenda misuli yake imekaza kupita kiasi, naye anahitaji kufundishwa kuilegeza. Ndiyo maana kuonana na mtaalamu walau kwa mara za mwanzo ni muhimu.

Tumbo la mwezi nalo limeangaliwa. Watafiti wa Cochrane waliripoti mwaka 2019 kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara 3 au zaidi kwa wiki, huenda yakapunguza maumivu ya hedhi kwa kiasi cha kuonekana, ingawa ushahidi wake bado si mzito.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mama anayepata faida ya shilingi 15,000 kwa siku. Tuseme hununua dawa za maumivu za shilingi 500 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi. Hiyo ni 13,000. Tuseme hukosa siku 2 kwa mwezi kwa sababu ya mgongo. Hiyo ni 30,000. Pedi za kuzuia mkojo ni 5,000. Jumla ni shilingi 48,000 kwa mwezi, sawa na 576,000 kwa mwaka.

Upande wa pili, tuseme anahudhuria kliniki mara 6 kwa shilingi 20,000 kila mara, yaani 120,000. Nauli ni 12,000. Kila mara anapoteza nusu siku ya biashara, jumla 45,000. Tiba yote inamgharimu 177,000.

Tusijidanganye kwamba atapona siku ya kwanza. Tuseme miezi 3 ya mwanzo haoni unafuu wowote, na baada ya hapo gharama zake zinapungua kwa nusu tu. Kwa miezi 9 iliyobaki ataokoa 216,000. Akitoa gharama ya tiba, mwaka wa kwanza anabaki na 39,000 mkononi. Mwaka wa pili, mazoezi yakiendelea, anaokoa 288,000 bila kulipa kliniki. Kila msomaji aweke bei za mahali pake katika hesabu hii. Asisahau kuandika na siku anazokosa, kwani hizo ndizo zinazokula zaidi.

Mzigo uangaliwe

Tiba haitashinda kama mama anarudi kwenye lumbesa ile ile. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umekuwa ukikataza magunia yanayozidi kilo 100, lakini hata hizo 100 si za mgongo wa mtu mmoja. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo kuliko huo kwa kiasi kikubwa. Linashauri pia kwamba mwanamke asipewe kazi ya kubeba mizigo akiwa mjamzito, wala katika wiki 10 baada ya kujifungua, iwapo daktari anaona itamdhuru yeye au mtoto. Wiki 10 ni siku 70, na wengi wetu tunahesabu arobaini tu. Mkaja wanaofungwa wazazi unashikilia tumbo, lakini hauimarishi misuli iliyo chini yake.

Kanuni ya kunyanyua inaeleweka kwa yeyote aliyetumia mizani yenye jiwe la kusogeza. Jiwe ni lile lile, lakini kadiri unavyolisogeza mbali ndivyo linavyovuta zaidi. Mzigo ulioshikwa mbali na kifua huvuta mgongo namna hiyo hiyo. Usogelee mzigo, piga magoti, uukumbatie, na usigeuke kiuno ukiwa umeubeba. Gawa gunia katika ndoo mbili za nusu badala ya moja iliyojaa. Inua meza ya kukatia mboga ifike kiunoni, na simama unyooke kila baada ya nusu saa.

Dalili zisizosubiri

Zipo hali ambazo mazoezi si tiba yake ya kwanza. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda au kutoka jasho usiku yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au ugonjwa mwingine mzito. Ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu au kushindwa ghafla kuzuia haja ni dharura ya siku hiyo hiyo. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma ni ya kuchunguzwa na daktari.

Na mwanamke ambaye mkojo unamtiririka mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Hiyo hutibiwa kwa upasuaji, na mazoezi hufuata baadaye. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imejulikana kwa upasuaji huo bila malipo, na tangu mwaka 2009 ilianza kutumia M-Pesa kuwatumia wagonjwa nauli. Asiye na nauli asikate tamaa, aulize kwanza.

Pa kuanzia

Huduma ya fiziotherapia ipo katika hospitali za rufaa kama Muhimbili, Bugando, Mbeya na KCMC ya Moshi, ambako wataalamu wengi wa fani hiyo wamefundishwa. Zipo pia hospitali za mikoa na kliniki binafsi zinazoitoa. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: je, mtaalamu amesajiliwa, je, amesomea matatizo ya nyonga ya wanawake, na je, tiba yote itachukua mara ngapi na kwa shilingi ngapi. Mwenye bima aulize kama huduma hiyo imo katika kifurushi chake. Anayeona haya ana haki ya kuomba mtaalamu wa kike.

Kwa vikundi vya kina mama vinavyokopeshana sokoni tuna pendekezo. Vingi vina mfuko wa misiba na mfuko wa ada za shule. Ukianzishwa mfuko mdogo wa matibabu ya namna hii, kikundi kitakuwa kinalinda marejesho yake chenyewe, kwa maana mwanachama aliyelala nyumbani na mgongo hawezi kulipa mkopo wa wiki.