Kupima Wengi kwa Kipimo Kimoja



Mkuu wa kikosi anaposikia kwamba ugonjwa wa kuambukiza umeingia kambini, hujiuliza mambo mawili. Je, ugonjwa umo kweli? Na kama umo, ni nani aliye nao? Mazungumzo ya leo yanahusu njia ya kuyajibu maswali hayo kwa gharama ndogo, ambayo Rwanda iliitumia wakati wa janga la korona.

Mgonjwa wa kwanza nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi, 2020, na baada ya wiki moja wananchi waliamriwa kubaki majumbani. Katika mitaa kama Gitega, wilayani Nyarugenge mjini Kigali, ambako nyumba zimesongamana, mgonjwa mmoja asiyejulikana alikuwa hatari kwa majirani wote. Askari nao walikutana na watu wa kila namna vizuizini, kisha wakarudi kwa wenzao. Ilipasa kupima watu wengi. Lakini kemikali za kupimia zilikuwa ghali, na dunia nzima ilizigombania.

Ndipo wataalamu, wakiwemo Profesa Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na Dakta Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS, walipobuni njia iliyochapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba, 2020. Asili ya wazo hilo ni jeshini. Mwaka 1943 Mmarekani Robert Dorfman alipendekeza damu za vijana walioandikishwa jeshini zichanganywe ili kuwatafuta wenye kaswende. Mchanganyiko ukiwa safi, wote huachwa. Usipokuwa safi, kila mmoja hupimwa peke yake. Wataalamu wa Kigali waliongeza hesabu ya mpangilio.

Tuchukue platuni ya askari 27: seksheni tatu, kila seksheni safu tatu, kila safu watu watatu. Kwanza sehemu ndogo ya kila sampuli huchanganywa na kupimwa mara moja. Jibu likiwa safi, kazi imekwisha. Kirusi kikionekana, hufanywa vipimo 9 kwa pamoja: vitatu vya seksheni, vitatu vya safu, na vitatu vya nafasi katika safu. Mgonjwa akiwa mmoja, vipimo vitatu tu vitaonyesha kirusi; tuseme seksheni ya pili, safu ya tatu, nafasi ya kwanza. Hapo anasimama mtu mmoja tu. Vipimo 10 vimefanya kazi ya 27.

Hata hivyo njia hii ina mipaka. Yafaa pale wagonjwa wanapokuwa wachache. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ameambukizwa, karibu kila mchanganyiko wa watu 27 utaonyesha kirusi, na akiba yote itapotea. Pili, kuchanganya ni kuzimua. Katika majaribio kirusi kilionekana hata sampuli ilipozimuliwa mara 100, lakini aliyeambukizwa jana huenda akawa na virusi vichache mno. Kwa hiyo jibu safi la leo si kibali cha mwezi mzima. Kikundi hupimwa tena na tena.

Wafugaji nao hulitumia wazo hili. Katika mabanda makubwa ng'ambo, kamba ya pamba hutundikwa, nguruwe wakaitafuna, na mate yao yakapimwa pamoja. Hapo huulizwa swali la kwanza tu: je, ugonjwa umo bandani?

Lakini kwa binadamu swali la pili halikwepeki, na hapo nidhamu ndiyo tiba. Kichupa kimoja kikiandikwa jina lisilo lake, hesabu itamtenga mzima na kumwacha mgonjwa kwenye zamu. Na mchanganyiko wa platuni ukionyesha kirusi, wote 27 na wasubiri kando hadi apatikane mwenye ugonjwa, wala asiwepo wa kuwanyoshea kidole. Kumi na tisa au ishirini na sita, walio wengi ni wazima. Subira yao ya saa chache ndiyo inayoilinda kambi, na mtaa ulio nje ya lango.