Tetesi za usajili na dawa za kusisimua misuli

Tetesi za usajili ni habari za mchezaji kuhama kabla klabu hazijathibitisha. Mwaka 2025 Clatous Chama, aliyezichezea Simba na Yanga, alitua kweli Singida Black Stars. Lakini tetesi nyingi huishia vijiweni. Mchezaji atokaye nje ya nchi, hata akipigwa picha na jezi, hachezi mpaka hati ya uhamisho wa kimataifa itoke.

Tuhuma za kutumia dawa za kusisimua misuli ni nzito kuliko tetesi hizo, kwani huua jina la mtu. Ndiyo maana mkojo unaopimwa hugawanywa katika chupa mbili, A na B. A ikikutwa na dawa, mwanamichezo ana haki ya kudai B ipimwe. Mkimbiaji Mkenya Rita Jeptoo alikutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2014, akafungiwa. Wakimbiaji wa ngazi ya Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na bingwa wa dunia wa marathoni 2025, hupimwa hata nje ya mashindano.