Hatamu Nyepesi za Programu ya Vifurushi

Miongoni mwa programu za seva ziandikwazo kwa lugha ya Java zimo zisizojengwa kwa kipande kimoja, bali kwa vifurushi vingi viwezavyo kuwekwa, kuwashwa na kuondolewa kimoja kimoja hali programu yenyewe ingali ikienda; na kanuni za ujenzi huo, ziitwazo OSGi, zilianza kutungwa mwaka 1999 kwa ajili ya mitambo midogo ya majumbani, kabla ya kuingia katika Eclipse, zana ya waandishi wa programu, mwaka 2004 na hatimaye katika seva kubwa. Nyuma ya vifurushi vyote husimama kianzishi, programu fupi ambayo kazi yake ni kukiamsha kiunzi kinachovibeba, kisha kungoja.

Kungoja huko ndiko kwenye mashaka. Msimamizi aliye mbali atajuaje kama kiunzi kingali hai, na atakizimaje kwa adabu? Mfumo wa Linux humpa silaha moja kali, ishara namba 9, iuayo papo hapo bila ya kutoa fursa ya kufunga faili wala kumaliza maandishi yaliyofika nusu. Nayo, kwa rai yangu, haifai ila kwa dharura. Ipo pia JMX, njia ya Java yenyewe ya kusimamia programu, hodari wa kueleza kila jambo, lakini aghalabu hutaka poti mbili, na ya pili, isipowekwa kwa makusudi, huangukia namba yoyote, ikawa adha kwa mlinzi wa mtandao.

Njia nyepesi ni kianzishi chenyewe kusikiliza katika anwani 127.0.0.1, isiyofikika ila kutoka ndani ya kompyuta ile ile, na kupokea mstari mmoja tu wa maandishi. Tomcat, seva ya wavuti ya Java, hufanya hivyo katika poti 8005: ikipokea neno SHUTDOWN hujifunga. Kasoro yake ni dhahiri, kwa kuwa neno hilo, lisipobadilishwa, ni siri ya kila aliyesoma mwongozo. Apache Sling, mfumo wa wavuti uliojengwa juu ya OSGi, imekuwa na hadhari zaidi. Kianzishi chake huomba poti yoyote iliyo wazi, kisha huandika namba yake pamoja na neno la siri katika faili, hata ikawa anayetaka kuamuru sharti awe na ruhusa ya kuisoma. Amri zenyewe ni chache: kuuliza hali, kusimamisha, na kuorodhesha nyuzi za kazi. Ama aliye mbali, huingia kwanza kwa SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta ya mbali, ambayo imekwisha kubeba mzigo wa kumtambua, wala hapana haja ya kuubeba mara ya pili.

Kwa nini basi hatamu hizi zisiwe kifurushi kama vingine? Apache Felix, mojawapo ya viunzi vya OSGi, inacho kifurushi cha namna hiyo, kisikilizacho poti 6666, na kwa kazi za kila siku chafaa sana. Lakini kifurushi kiamrishacho kiunzi kusimama husimamishwa nacho, mithili ya baharia aliyetumwa kulizamisha jahazi alilomo kisha akangojewa alete habari. Ndiyo maana amri ya kusimamisha kiunzi hurejea mara moja, na kazi ikaendelea katika uzi mwingine. Ajuaye kuwa imekwisha ni kianzishi, kilichokaa nje kikingoja. Zaidi ya hayo, kifurushi kimoja kikikwama wakati wa kuwashwa, hata vilivyo nyuma yake visipate zamu, kianzishi huweza bado kujibu na kuonyesha ni uzi upi uliosimama, na juu ya mstari gani.