Daftari la Dhahabu: Hifadhidata ya Kulipia au ya Bure?

Mwezi Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, na masoko mengine yakafuata, likiwamo la Kahama mkoani Shinyanga. Kila uuzaji katika masoko hayo huacha maandishi: uzito wa dhahabu, usafi wake, bei, na mrabaha wa Serikali. Natuchukulie kwamba chama cha wachimbaji wadogo chataka kuwa na tovuti ambamo kila mwanachama ataweza kuyasoma mauzo yake. Nyuma ya tovuti hiyo hapana budi pawepo hifadhidata, na hapo ndipo swali la fedha linapozuka: je, programu yake inunuliwe, au ichukuliwe ile isiyolipiwa?

Programu ya hifadhidata si kabati la kutunzia maandishi tu. Mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alieleza jinsi habari ziwezavyo kupangwa katika majedwali yanayohusiana, na wazo hilo ndilo msingi wa programu nyingi za leo. Lakini sifa iliyo muhimu zaidi kwa daftari la dhahabu ni nyingine. Mchimbaji auzapo gramu 50, mambo mawili huandikwa: gramu hizo hupunguzwa katika akiba yake, na fedha huongezwa katika hesabu yake. Umeme ukikatika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili, daftari litaonyesha kwamba dhahabu imekwenda wala fedha hazikuja. Hifadhidata iliyo madhubuti huandika kila badiliko kwanza katika kumbukumbu ya pembeni. Iwashwapo tena, huisoma kumbukumbu hiyo, na muamala usiokamilika huufuta wote.

Je, sifa hiyo hununuliwa? La. Oracle na SQL Server, ambazo hulipiwa, zinayo. PostgreSQL, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inayo pia, na haina bei. Hata hivyo si kila cha bure ni salama. MySQL, kabla ya toleo la 5.5 la mwaka 2010, ilitumia kwa kawaida muundo wa majedwali usiokuwa na kinga hiyo, na wenye tovuti wengi hawakulitambua hilo.

Yapasa pia kutenganisha maneno mawili yachanganywayo mara kwa mara. Programu ya bure ni ile isiyodaiwa bei. Programu huria ni ile ambayo yeyote aruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Oracle hutoa toleo dogo la bure, lenye kikomo cha ukubwa wa data. Chama kikikua kupita kikomo hicho, kitadaiwa leseni. Kampuni hiyo ilipoimiliki MySQL mwaka 2010, mwasisi wake, Michael Widenius, alikuwa amekwisha kuanzisha MariaDB kutokana na programu ile ile, jambo ambalo leseni huria iliruhusu.

Gharama kubwa iko kwa watu. Anayelipa leseni aweza kununua pia haki ya kusaidiwa, na kwa benki kubwa bei hiyo huenda ikawa ya haki. Chama cha Geita chahitaji zaidi fundi aliye karibu, na nakala ya kila siku iliyowekwa jengo jingine. DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumia PostgreSQL, na taarifa za zahanati nchini Tanzania huingizwa humo. Leseni hailipiwi, mafunzo, seva na wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hugharimu fedha.

Mwalimu mwenye kompyuta moja ya mezani aweza kuwaonyesha wanafunzi kinga iliyotajwa. Aweke PostgreSQL, atengeneze jedwali la akiba na la fedha, aanze muamala, apunguze gramu 50, kisha azime umeme kabla ya kuuthibitisha. Kompyuta ikiwashwa, gramu zote zitakuwapo.